Kyaka hadi Kasensero: siku nane kwenye kinamasi cha nchi mbili

Nimerudi Mwanza wiki tatu zilizopita, na ndiyo kwanza nimepata nafasi ya kukaa na daftari. Liliingia maji siku ya tatu, kurasa nne zimegandana, kwa hiyo sehemu ya Minziro nimeijenga upya kwa picha za simu, risiti, na ujumbe niliokuwa namtumia baba kila jioni. Tarehe zote ni za Julai 2024.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kwa miaka mingi nimewachorea wanafunzi mstari wa latitudo ya digrii 1 kusini, ule unaotenganisha Tanzania na Uganda magharibi mwa Ziwa Victoria, bila kuwahi kusimama juu yake. Mstari ule unapita katikati ya kinamasi kimoja kikubwa: huku kwetu ni msitu wa Minziro, ng'ambo ni Sango Bay, na mto Kagera unavilisha maji vyote viwili. Baba yangu aliuvuka mto huo akiwa mgambo, mwishoni mwa 1978. Nilitaka kuona ardhi aliyoipigania inatunzwaje leo, na nchi mbili zilizomwagiana damu hapo zinazungumzaje juu ya mafunjo na samaki.

Siku ya 1, tarehe 8: Bukoba

Meli iling'oa nanga Mwanza Jumapili usiku, ikagusa Kemondo alfajiri, asubuhi tukawa Bukoba. Nililala njia nzima. Gesti karibu na stendi ni 25,000 kwa usiku, yenye neti nzima na maji ya moto ya ndoo. Mchana nilinunua viatu vya mpira sokoni kwa 18,000. Hiyo ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote katika safari hii.

Siku ya 2, tarehe 9: Kyaka

Hiace ya kwenda Kyaka ilisubiri abiria kwa muda wa saa mbili na nusu. Nauli 5,000. Ukiwa na haraka, panda magari yanayokwenda moja kwa moja hadi Mutukula, hujaa mapema zaidi.

Pale darajani usitoe simu kabla ya kuuliza. Nilishuka, nikasimama pembeni, nikautazama mto. Maji ni ya kahawia kama chai ya maziwa, yanakwenda kwa kasi ambayo hukuitarajia kwa mto mpana kiasi kile, na yamebeba vipande vya gugumaji vinavyozunguka taratibu kabla ya kupita chini ya daraja. Maji hayo yametoka Rwanda na Burundi. Yakishapita hapa yanakwenda mashariki, yanapinda kuelekea kaskazini, yanavuka ule mstari wa digrii 1 na kumwagika ziwani ndani ya Uganda.

Daraja la zamani lililipuliwa na majeshi ya Idi Amin tarehe 3 Novemba 1978. Siku mbili kabla yake walikuwa wametangaza kwamba ardhi yote ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto, kilomita za mraba zipatazo 1,840, sasa ni ya Uganda, na kwamba mpaka ni mto Kagera. Kila Mtanzania wa umri wa baba anakumbuka alikuwa wapi aliposikia Mwalimu akisema redioni kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao.

Mlimani kuna magofu ya kanisa lililopigwa katika vita hivyo. Nilimkuta mzee mmoja amekaa kivulini na mkongojo wake. Nikamwamkia shikamoo, tukazungumza. Nilipomwambia kwamba natafuta mtu wa kunieleza kuhusu msitu na kinamasi, nikataja "mto wetu wa mpakani", alininyamazisha kwa mkono.

"Mwanangu, hapa usiseme mto ni mpaka. Waliosema hivyo walikuja na vifaru."

Nimelifikiria neno hilo safari nzima. Sisi tunaofundisha mazingira hupenda kusema kwamba mipaka ya asili ina akili kuliko mipaka ya rula. Tunawaambia watoto kwamba bonde la mto ni kitu kimoja na lisimamiwe kama kitu kimoja, na kwamba mistari ya mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana huku bila kukanyaga, ni ya kijinga. Kiikolojia ni kweli tupu. Lakini hapa Kyaka, sentensi hiyo hiyo ilishatumika kuchukua ardhi ya watu. Afisa wa Tanzania akisikia mtaalamu wa ardhioevu anasema "tuuache mstari, tuutazame mto", hasikii ikolojia. Anasikia 1978. Na afisa wa Uganda naye, ambaye nchi yake iliingiwa na jeshi letu hadi Kampala mwaka 1979, ana vita vyake vya kukumbuka.

Ndiyo maana nimeamini kwamba kinamasi hiki kitalindwa tu na watu watakaoukubali mstari ule kama ulivyo, pamoja na ubaya wake, kisha wafanye kazi pande zote mbili bila kuugusa. Mwalimu Nyerere ndiye aliyepeleka Cairo, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa Julai 1964, azimio la kwamba nchi za Afrika ziheshimu mipaka zilizoikuta siku ya uhuru. Zamani nililiona azimio lile kama woga, lakini jioni ile juu ya kilima cha Kyaka nililiona kama msingi ambao bila huo hata mazungumzo ya ndege na samaki yasingeanza.

Nililala Bunazi. Ndizi kwa maharage na mchicha, 4,000.

*Kwa atakayekwenda:* andaa barua ya utambulisho kutoka kazini au chuoni kwako, nakala tano. Kila ofisi itabaki na moja. Minziro ni hifadhi ya msitu wa mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo pata kibali kabla ya kuingia, na uripoti kwa mtendaji wa kijiji. Usipande na droni. Sababu utaiona siku ya nne.

Siku ya 3, tarehe 10: Minziro

Pikipiki kutoka Bunazi, 40,000 kwa siku nzima na mafuta juu yake. Ilikuwa kiangazi lakini njia bado ina madimbwi ya masika. Mara mbili nilishuka tukasukuma, na mara ya pili begi likaingia majini, ndipo daftari lilipoharibika. Vijana watatu waliokuwa wakikata nyasi waliacha kazi wakatutoa, wakakataa pesa, wakaomba maji ya kunywa tu.

Msitu una takriban hekta 25,000. Nilitarajia giza la miti mikubwa, nikakuta mchanganyiko: mbuga ya nyasi fupi, kisha ukuta wa msitu, kisha mbuga tena. Ukiingia ndani, ardhi inageuka. Hatua ya kwanza ni majani makavu, ya tatu ni tope, ya sita maji yamefika juu ya kifundo, meusi kama majani ya chai yaliyolala usiku, na yana ubaridi. Ndani ya maji hayo imesimama miti ya podo. Podo nimezoea kuisoma kama miti ya milimani. Hapa iko chini kabisa, usawa wa ziwa, mizizi imelowa. Kwenye tope kulikuwa na alama za kwato, ndefu na zilizochanuka. Aliyeniongoza akasema ni nzohe, swala wa majini, aliyeumbiwa kutembea juu ya matete bila kuzama. Alama zilikuja kutoka kaskazini na zikarudi kaskazini.

"Huyu amelala Uganda," akasema, "amekuja kula Tanzania."

Yeye ni mtu wa msituni miaka mingi. Nilimuuliza kama anamfahamu mwenzake wa upande wa pili, kwenye msitu wa Malabigambo, ambao ni huu huu ila umebadilishwa jina baada ya mstari. Anamfahamu, na namba yake anayo. Moto wa kichaa ukiwaka hupigiana simu. Lakini hawezi kuvuka na sare kwenda kumsaidia kuuzima, wala mwenzake hawezi kuja huku. Hicho ni kibali cha ngazi ya juu, na moto haungoji barua iende Dodoma na nyingine Kampala.

Siku ya 4, tarehe 11: bikoni

Asubuhi tulikwenda kwenye bikoni moja ya mpaka. Ni nguzo fupi ya saruji katikati ya nyasi, hakuna uzio wala kibao. Ng'ombe walikuwa wanalisha pande zote mbili. Nilipiga picha: bikoni, nyasi, ng'ombe, na bibi mmoja aliyekuwa akirudi na mzigo wa matete kichwani, ambaye alisimama mwenyewe akataka apigwe.

Sikumaliza dakika tano. Mtu mwenye sare alitokea, akauliza mimi ni nani na napima nini. Kwenye mkono nilikuwa na simu imewashwa ramani, na kwenye begi kulikuwa na daftari lenye michoro. Kwa macho yake ilikuwa sawa kabisa na mtu anayepima mpaka. Tulikaa chini ya mti saa tatu tukisubiri simu zipigwe. Alikuwa na adabu muda wote. Mwisho aliniomba nifute picha zote zenye bikoni, nikafuta. Ya bibi peke yake, ambayo nguzo haionekani, aliniachia.

Bibi ndiye aliyetulisha saa hizo tatu. Alikwenda nyumbani, akarudi na ndizi za kuchoma na kikombe cha kahawa kavu, zile buni za kutafuna ambazo Wahaya humpa mgeni. Alimpa askari kwanza, kisha mimi, akaketi katikati yetu. Ana dada aliyeolewa ng'ambo. Alisema mwaka 1978 walikimbilia kusini na watoto mgongoni, na dada yake naye akakimbia kwao mwaka uliofuata. Sasa wanakutana kukata matete na kuchota maji.

Nilielewa pale chini ya mti mambo niliyokuwa nimeyasoma bila kuyaelewa. Oktoba 1972, baada ya mapigano ya kwanza, Tanzania na Uganda zilikubaliana Mogadishu kurudisha majeshi kilomita 10 kutoka mpakani, kila upande. Ukichukua ramani utaona eneo hilo la kilomita 10 ndilo sehemu kubwa ya kinamasi chenyewe. Makubaliano yale hayakudumu, ila yanaonyesha kitu: kila anayekuja hapa na silaha, ramani au kipimo anasomwa kwanza kama suala la ulinzi. Doria ya pamoja ya kuzuia wakata magogo, ambayo kwenye karatasi za wataalamu ni mstari mmoja, hapa ni watu wenye bunduki wanaovuka mpaka. Ramani moja ya mfumo mmoja wa maji inaweza kusomwa kama dai. Hata takwimu za kina cha mto si kitu cha kugawa hovyo.

Kwa hiyo ukiona hati za mambo haya zina maneno mazito kama "bila kuathiri msimamo wa upande wowote kuhusu mpaka", usiyaruke. Maneno hayo ndiyo yanayomruhusu ofisa kutia sahihi na kulala usingizi. Mkataba wa Ramsar wa 1971, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, umelijua hilo. Kifungu cha 2 kinasema kuorodhesha ardhioevu hakupunguzi mamlaka ya nchi juu ya ardhi yake, na kifungu cha 5 kinazitaka nchi zinazogawana ardhioevu au mfumo wa maji zishauriane. Kimoja kinatuliza hofu, cha pili ndicho kinachodai kazi. Uganda ilijiunga mwaka 1988, Tanzania 2000. Sango Bay imo kwenye orodha ya Ramsar tangu 2006, pamoja na visiwa vya Musambwa, hekta 55,110. Minziro haimo. Ina ulinzi wake wa sheria ya misitu, lakini ile orodha ya kimataifa inaishia kwenye bikoni niliyofuta picha yake.

Natamani sana tuiombee Minziro nafasi kwenye orodha hiyo. Tufanye wenyewe, kwa hati yetu, kwa jina letu, ramani yetu iishie kwenye mstari. Kisha nchi mbili ziunganishe hati mbili zilizokwisha kuwepo. Hapo hakuna atakayesema amechukuliwa kitu.

Siku ya 5, tarehe 12: Mutukula

Lami nzuri, hakuna cha kusimulia hadi mpakani. Mutukula kuna kituo cha pamoja, kilichozinduliwa Novemba 2017: unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja. Dakika 25. Walinipima joto la mwili na kuangalia kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

*Kwa atakayekwenda:* kama huna pasipoti, hati ya dharura ya safari inapatikana Uhamiaji, usiingoje hadi ufike mpakani. Badilisha pesa kidogo tu. Nilipewa shilingi 13,500 za Uganda kwa kila 10,000 ya kwetu, na mjini haikuwa tofauti sana.

Nilikaa nje na rolex, ile chapati ya Uganda ya kuviringishia mayai, nikilitazama jengo lile. Maofisa wa nchi mbili, meza kwa meza, na hakuna aliyeuza nchi. Na bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, linalokatiza mpaka huu huu, lilipata mkataba wake wa serikali mbili Mei 2017. Panapokuwa na nia, wanasheria wetu wanajua kuandika. Kinamasi hiki kinastahili wanasheria wale wale.

Siku ya 6, tarehe 13: Kasensero

Barabara ya vumbi, teksi ya watu tisa katika nafasi za watano. Kasensero ni mwalo wa wavuvi karibu na mlango wa Kagera. Ziwa lilipanda sana masika ya mwaka 2024, na kwenye kuta za nyumba za chini kulikuwa na mstari wa tope usawa wa kiuno changu. Mama aliyenipangisha chumba alikuwa amerudi siku kumi tu zilizopita. Alinipikia sato na matoke, akanipa godoro lake kavu, yeye akalala na wanawe. Nilipinga, hakusikia. "Nnyabo, ggwe mugenyi," aliniambia: wewe ni mgeni.

Kuna makaburi ya pamoja hapa na ukumbusho wa Wanyarwanda waliouawa mwaka 1994. Miili ilibebwa na Kagera kutoka mbali kule juu hadi ziwani, na wavuvi wa hapa ndio waliowatoa majini na kuwazika. Nilisimama muda mrefu. Sina la kuongeza, ila kwamba mvuvi mmoja mtu mzima alinionyesha kwa kidole njia ambayo maji yalipita, na ilikuwa ile ile yanakopita magugumaji leo.

Alfajiri tulitoka kwa mtumbwi hadi mlango wa mto, 30,000 za Uganda kwa saa mbili. Maji ya kahawia yanaingia kwenye ya kijani na kwa umbali mrefu hayachanganyiki. Mafunjo yamesimama pande zote, yanazidi urefu wa mtu, na kwenye mashina yake unaona wazi udongo ulionaswa. Wavuvi wanajua kwamba samaki huzaliana humo. Wanajua pia kwamba mafunjo yakichomwa huko juu Tanzania, tope lote linakuja kwao. Nilimuuliza mwenye mtumbwi anamlalamikia nani. Akasema viongozi wa pande mbili hukaa vikao vya ujirani mwema, wizi wa ng'ombe unazungumzwa, nyavu zinazungumzwa. Mafunjo? Akafikiri. Hajasikia.

Vikao vile vipo tayari. Wakuu wa wilaya wanajuana, kuna chai na kuna mihtasari. Kuongeza ajenda moja hakuhitaji mkutano wa marais. Juu yao kuna Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria pale Kisumu, na itifaki ya bonde hilo ya mwaka 2003 ambayo nchi zetu zilitia sahihi.

Siku ya 7, tarehe 14: mbuga za Sango Bay

Nilikuja kumtafuta ndege mmoja: mbayuwayu wa buluu. Huzaliana nyanda za juu kusini kwetu, na nchi za kusini zaidi, kisha kuanzia Aprili huja kumalizia baridi kwenye mbuga hizi. Saa nne asubuhi nilimwona. Anaruka chini chini, juu kidogo tu ya nyasi, buluu iliyokoza hadi nyeusi, mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Alipita mara sita mbele yangu. Wamebaki wachache duniani, na sehemu ya maisha yao iko mikononi mwa nchi zetu mbili.

Siku ya 8, tarehe 15

Kurudi Mutukula, Bukoba, meli. Jumla ya safari ilikuwa 438,000 za Tanzania bila viatu.

Baba alizitazama picha zote, akataka kuona ile ya Kyaka tena. Ya bibi nimeisafisha kubwa, nikaiweka kwenye bahasha ngumu, na jana dereva wa basi la Bunazi ameipokea kwa 5,000. Atamwachia mtu wa pikipiki, naye ataifikisha Minziro njia ikikauka.